Sili ya gari si muhuri

Swali: Nina pikapu ya Land Cruiser, 4x4. Maelekezo ya Kiswahili niliyoletewa yanasema "badilisha mihuri ya mhimili wa mbele". Fundi hakuelewa mpaka nilipomwonyesha oili kwenye tairi. "Kumbe sili!" akasema. Je, muhuri ndiyo Kiswahili sanifu? Na ni sahihi kusema "sili inavuja", ilhali kinachovuja ni oili?

Jibu: Fundi wako yuko sahihi. Muhuri hugongwa kwenye karatasi ukaacha alama ya mwenye mamlaka. Aliyetafsiri alikuta neno la Kiingereza "seal", lenye maana zaidi ya moja, akaichukua ile ya ofisini akaipeleka gereji. Na alipoongeza "mhimili" badala ya ekseli, akili ya msomaji ilikwenda moja kwa moja bungeni na mahakamani. Lakiri ingekaribia kidogo, kwa kuwa huziba bahasha, ila ikishafunguliwa imevunjika. Sili hubana shafti inayozunguka safari nzima.

Itazame ikiwa mkononi: pete ya chuma iliyovishwa mpira, yenye mdomo mwembamba, na nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba inayoubana kwenye shafti. Upande wenye springi ndio unaoelekea oili. Mdomo ukilika, oili ya difu, yaani ya sanduku la gia lililo katikati ya ekseli, hupenya hadi kwenye tufe, ile nyumba ya chuma ya mviringo iliyo nyuma ya gurudumu la mbele, hulainisha grisi iliyomo, na uji mweusi huchuruzika ndani ya rimu. Kazi hiyo muhuri hauiwezi, kwa hiyo neno sili tumelipokea kwa haki. Liko ngeli ya I-ZI: sili hii imekwisha, sili hizi zimekwisha.

"Sili inavuja" ni Kiswahili safi kabisa. Kuvuja tunakutumia kwa kizuizi na kwa kinachopita: paa linavuja, maji yanavuja. Methali yenyewe husema kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Pakacha ndilo linalovuja, si embe. Basi sili inavuja, difu inavuja, oili inavuja, chagua upendayo.

Dukani, hata hivyo, taja "sili ya ekseli ya mbele". Iko pia sili ya habu, yaani ya kitovu cha gurudumu, inayozuia grisi ya beringi isitoke, na ukisema sili peke yake unaweza kurudi nyumbani na isiyo yako.