Jumba la kwenye Quartet

Kuna aliyeuliza kama jumba la kwenye Quartet, ile filamu ya wanamuziki wastaafu wanaoishi pamoja, ni nyumba ya wazee kweli. Si nyumba ya wazee, ndugu. Jumba mnaloliona kwenye Quartet (2012, ya Dustin Hoffman) ni Hedsor House, Buckinghamshire, Uingereza, na watu hulikodi kwa harusi. Ila wazo lenyewe la makao ya wanamuziki wazee halikutoka hewani: Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera wa Italia, aliwajengea wanamuziki waliozeeka makao yao Milano, yakafunguliwa 1902, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, na mpaka leo yapo. Halafu wazee wengi wa pembeni kwenye filamu ni wanamuziki wastaafu kweli. Subirini majina yanayopita mwishoni mwa filamu, picha zao za ujanani zinaonyeshwa; msizime televisheni haraka kama kawaida yetu.

Na huyo aliyeandika kwamba Uganda hatuna makao ya wazee, apande boda hadi Nalukolongo, hapa hapa Kampala. Kuna nyumba ya wazee ya Bakateyamba; ilianzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, na Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015. Lakini pale hupokelewa wasio na wa kuwatunza, wakiwemo walemavu. Si ya wastaafu wenye piano sebuleni.