Kwa TV ya chogo, spika za gari ziache

Ndugu yangu wa Moshi, nimekuelewa: kabati lako la gemu lina Raspberry Pi (kompyuta ndogo) na TV ya chogo, unasita kati ya spika za gari na za kompyuta, na sauti inavuma.

Chukua za kompyuta. Sumaku ya spika za gari kwa kawaida haijakingwa. Ikikaa karibu na chogo, rangi za picha huchafuka. Hata za kompyuta zipime kabla ya kulipa: zisogeze kwenye kioo cha TV inayowaka. Rangi zikihama, zirudishe. Zifunge juu ya kioo, zielekee uso wa mchezaji. Sabufa usiweke, itatikisa mbao zote.

Mvumo mara nyingi hutokana na Pi na spika kutumia adapta moja. Zipe adapta mbili, na waya wa sauti usilale pamoja na wa umeme. Mvumo ukibaki, mafundi wa redio za gari wana kichujio cha mvumo. Huchomekwa katikati ya waya wa sauti.

Tafadhali, usifungue mfuniko wa TV. Chogo huhifadhi maelfu ya volti hata ukichomoa plagi. Ikihitaji kufunguliwa, mwite fundi wa TV.