Maswali ya Wasomaji: Diani kwa Kalenda ya Bahari

SWALI: Kwako mshauri wa safari, salamu kutoka Buruburu. Familia yetu imekusudia kukaa Diani kwa siku 5 katika likizo ya Desemba. Kijana wetu wa miaka 17 anataka kujifunza ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara, wadogo zake wawili wanataka kuogelea na kutazama viumbe wa baharini, naye mama yao hapendi kulowa hata kidogo. Tupange vipi ili kila mmoja apate chake? (Baba Zawadi, Buruburu)

JIBU: Baba Zawadi, nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa sababu jambo la kwanza la kuamua ni tarehe, na hoteli itafuata baadaye. Sisi wakazi wa Nairobi hupanga safari za Pwani kwa kufuata kalenda ya shule na siku ya mshahara, kisha tunafika Diani tukakuta maji yamekupwa hadi mbali, au yamejaa hadi kwenye kuta za hoteli, au upepo umelala kabisa, na tunarudi tukiwaambia jirani kwamba ufuo ule ni wa kupigia picha tu. Ufuo ule una mambo mengi mno, ila kila jambo lina saa yake, na saa hizo hupangwa na pepo za msimu pamoja na mwezi wa angani.

Nianze na upepo, kwa kuwa ndio utakaoamua kama kijana wako atajifunza au atakaa mchangani akiutazama ubao. Kaskazi huanza kuvuma mwezi wa Desemba na huendelea hadi Machi, nayo kusi hushika nguvu kati ya Juni na Septemba. Mwanzoni mwa Desemba kaskazi mara nyingi haijatulia, hivyo ningekushauri msogeze safari hadi wiki ya mwisho ya mwezi huo au siku za kwanza za Januari, kabla shule hazijafunguliwa, hata kama vyumba vya kulala huwa ghali zaidi wakati huo. Diani imependwa na wachezaji wa tiara kutoka nchi nyingi kwa sababu pepo zote mbili huupiga ufuo kwa upande, zikiegemea kidogo nchi kavu, kwa hiyo mwanafunzi aliyeshindwa kuiongoza tiara yake husukumwa kurudi ufuoni. Tena kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo, ambao huvunja mawimbi makubwa huko nje na kuyaacha maji ya ndani yakiwa mapana, tulivu na ya kina kifupi.

Msimwandikishe kwa mtu yeyote anayewafuata mchangani na tiara begani. Tafuteni shule yenye walimu waliohitimu, kwa mfano wenye cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo huo, na muulize mambo manne kabla ya kulipa: kila mwalimu anafundisha wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, je, wanafunzi hupewa koti la kuelea na kofia ngumu, je, kuna mashua ya kumfuata anayechukuliwa na maji, na somo likikatizwa kwa kukosa upepo fedha zinarudishwa au somo linahamishwa. Mwambie kijana asivunjike moyo akiona saa za mwanzo zinapita mchangani, kwa maana hapo ndipo anapojifunza kuitawala tiara, kuishusha upesi na kujifungua kutoka kwenye kamba zake, na asiyeyajua hayo ni hatari kwake na kwa wanaoogelea karibu naye. Siku 5 zinatosha kumfikisha mahali pa kusimama juu ya ubao na kwenda masafa mafupi, ikiwa upepo utakubali. Na kama hajui kuogelea vizuri, miezi iliyobaki aitumie katika bwawa lolote la kuogelea lililo karibu nanyi, kwa sababu hakuna mwalimu mwadilifu atakayempokea bila hilo.

Sasa mwezi. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa kila siku, na kila siku mwendo huo huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na katika siku hizo maji hukupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, kisha hujaa kabisa yapata saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kukupwa jioni, na tofauti yenyewe huwa ndogo, nayo wavuvi huyaita maji mafu. Watoto wako wadogo watafurahia zaidi asubuhi ya bamvua, wakati madimbwi ya kwenye miamba yanapobaki wazi yakiwa na viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota), kaa na samaki wadogo wa rangi nyingi. Lakini kwa kaka yao bamvua ni shida, kwa kuwa kaskazi mara nyingi huamka karibu na adhuhuri, na jioni inapokaribia bahari inakuwa imepanda hadi ufuo unabaki mwembamba, pasipo nafasi ya kuirusha tiara.

Ningekuwa mimi, ningefika Diani siku ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Wakati huo maji hukupwa karibu na saa sita mchana, hivyo wadogo wanaweza kwenda madimbwini kuanzia saa nne na nusu wakiwa na kofia, viatu vya mpira na mtu mzima anayepafahamu mahali hapo, na kaka yao akaanza somo saa saba ufuo ungali mpana. Siku zinazofuata maji yatazidi kuchelewa, na asubuhi itakuwa ya kuogelea bila kutembea mbali. Jambo moja silifanyii mzaha: watoto warudi mara maji yanapoanza kupanda, kwa sababu hujaza kwanza mikondo iliyo kati yao na nchi kavu. Wafundisheni pia kutazama bila kuokota. Kiti cha pweza kinachotolewa majini kwa ajili ya picha huumia, na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu huumiza anayewakanyaga.

Mama yao ana mengi ya kufanya bila kulowa, na huenda akawa ndiye atakayerudi na masimulizi zaidi. Upande wa kusini, baada ya ufuo wa Galu, kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo na mmojawapo wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni huongozwa na mwenyeji, hufungwa kaniki kiunoni, na hutakiwa kufuata taratibu za humo ndani. Miti mikubwa niliyoiona pale imeniathiri kuliko jengo lolote la Pwani, na ninawasihi msiiruke ziara hiyo. Katika barabara ya Diani kwenyewe, inueni macho mtazame madaraja ya kamba yaliyotundikwa juu ya lami ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Kazi hiyo hufanywa na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, na kituo chake hupokea wageni. Msiwape tumbili wala nyani chakula, maana wakizoea huanza kunyang'anya, na mwisho wake ni kuumia kwao au kwa watoto.

Mkipata siku moja ya kutoka nje ya Diani, nendeni Shimoni, mkapande mashua hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kutazama pomboo na matumbawe, kisha mpitie kisiwa cha Wasini. Mama yao akikataa mashua, hifadhi ya Shimba Hills iko karibu, na ndiko mahali pekee nchini Kenya mnapoweza kumwona palahala, aina ya swala mkubwa mwenye pembe ndefu. Ada za hifadhi hizo zinalipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo malizeni malipo kabla ya kuondoka hotelini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Kahawa. Nilikwenda Diani na wenzangu tukiwa tumeazima ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, lakini mawimbi tuliyoyakuta hayakuweza kumbeba hata mtoto. Je, Kenya haina mawimbi? (Mwanafunzi)

JIBU: Mawimbi yapo, ila mwamba niliomweleza Baba Zawadi ndio uliowazuia. Huyavunja kabla hayajafika ufuoni, na kinachowafikia mnaoogelea ni masalia. Mchezo wa tiara hautegemei wimbi bali upepo, na kwa sababu hiyo Diani inaufaa kuliko ubao wako.

Ukitaka wimbi lenyewe, elekea Ghuba ya Malindi, kusini mwa mahali Mto Sabaki unapoingia baharini. Matumbawe hayastahimili maji baridi yasiyo na chumvi wala matope ya mto, kwa hiyo ghuba hiyo haikuzibwa na mwamba kama Diani, na mawimbi ya kusi huingia hadi mchangani. Nenda kati ya Juni na Septemba, hasa Julai na Agosti. Usitarajie mawimbi marefu kama ya Durban au ya Jeffreys Bay huko Afrika Kusini, kwa kuwa ya Malindi hutokana zaidi na upepo wa karibu na huvunjika bila mpangilio mzuri, lakini kwa anayejifunza kusimama juu ya ubao yanatosha kabisa. Maji huwa ya rangi ya udongo wakati mto umefurika, na hilo lisikushangaze.

Mahali penye mawimbi pana mikondo inayorudi baharini, na hii ndiyo tofauti kubwa na utulivu wa Diani. Ukiona ukanda ambapo mawimbi hayavunjiki ilhali pande zake mbili yanavunjika, usidhani ndipo penye usalama, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo maji yanaporudi nje kwa kasi. Ukichukuliwa, shikilia ubao wako, usishindane na mkondo, ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye ukanda huo, kisha urudi pamoja na mawimbi. Na usiingie peke yako, hata kama umekuwa bingwa wa bwawa la chuo.

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 71 na magoti yanamsumbua. Sisi ni Waislamu, na hangependa kukaa mahali penye watu waliovaa mavazi ya kuogelea. Ninatamani sana aione bahari ya Diani. Nifanyeje? (Binti wa South C)

JIBU: Binti yangu, mpeleke, wala usisite. Diani ni nchi ya Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, na mama atasikia adhana akiwa ufuoni. Chagueni upande wa kaskazini, karibu na mdomo wa Mto Mwachema, ambako Msikiti wa Kongo umesimama kwa karne nyingi chini ya mibuyu na ungali unaswaliwa. Hapo mara nyingi pana utulivu kuliko mbele ya hoteli kubwa, na familia za wenyeji huja kupunga upepo.

Kuhusu magoti, mtoe alfajiri baada ya swala, katika siku ambazo maji yanaanza kukupwa asubuhi. Mchanga uliotoka kufunuliwa na maji ni mgumu na hauzami, tofauti na ule mkavu wa juu ambao huwachosha hata vijana. Mchukulie kiti chepesi na mwavuli.

Msilazimishe safari nzima kwa barabara. Treni kutoka Syokimau hadi Miritini huchukua saa 5 hadi 6, naye ataweza kusimama na kunyoosha miguu, na kutoka Miritini gari linaweza kupita barabara ya Dongo Kundu moja kwa moja hadi upande wa Kwale, bila foleni wala mteremko wa kivuko cha Likoni. Maji ya kunywa myabebe kwenye chupa za kutumika tena, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika fukwe na hifadhi zilizo chini ya ulinzi. Vijana watakaowajia na vinyago, madafu au safari za mashua wanatafuta riziki yao. Msalimie kila mmoja, na kama hamhitaji kitu mwambieni waziwazi mara moja, bila ahadi ya "labda kesho", kwa sababu kesho atakuja.