Kwa wadogo zangu mnaotoka Pemba kuja kuanza chuo Unguja

Asalaam alaykum wadogo zangu, hasa nyinyi mtakaopanda boti bandari ya Mkoani mwaka huu kuja kuanza chuo Tunguu. Mambo ya usajili na mkopo mtaelekezwa na kila mtu, mie nataka kusema la moyoni maana lilinikuta.

Semista ya kwanza nlipanga chumba, nikitoka darasani nafunga mlango mpaka asubuhi, usingizi sina, chakula hakipandi, kila ninaemuona naona kashapata wenzake isipokuwa mie, nkawa nasubiri tu mtu aje anikaribishe. Hakuja mtu. Siku moja jirani wa chumba cha pili kashikwa na homa, hata jina lake silijui, nkampikia uji nkampelekea pamoja na notsi za siku mbili alizokosa, tukakaa mpaka isha namsomea. Usiku ule nlilala, wallahi, mara ya kwanza tangu nishuke bandarini Malindi hapa Unguja.

Baadae nkaja kusoma kuna utafiti wa Kanada ulotoka 2008, watu walipewa dola 5 au 20, wengine wajinunulie vitu vyao wengine wawatumilie wenzao, na jioni walotoa ndio walokuwa na furaha zaidi, tena alopewa 5 na alopewa 20 hawakupishana. Kwa hiyo usiseme sina kitu. Notsi ni kitu, kumsalimia kwa jina mama anaefagia ukumbi ni kitu, na Ramadhani anaekaa peke yake mwite mfuturu pamoja hata kama ni muhogo na chai. Ila nenda mwenyewe, meseji haifanyi kazi ile.

Lakini sikilizeni na hili. Nliwahi kumkopesha mtu pesa ya ada kwa sababu nliona haya kukataa, hakulipa, nkakaa na hasira miezi mitatu. Ule haukuwa wema, ilikuwa haya tu, na ilinirudisha kulekule kwenye kukosa usingizi.

Na ikiwa wiki zinapita hulali, huli, hutaki kuamka, hapo uji wa jirani hautoshi, nenda hospitali. Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili hapa Unguja, watu wanaliogopa jina lakini ni hospitali kama nyengine.

Sasa msisubiri mpaka mfike chuo. Huyo ulokaa nae boti, muulize anafikia wapi.