Muziki shuleni na afya ya akili ya vijana

Je, vipindi vya muziki shuleni vinasaidia afya ya akili ya vijana? Ndiyo, vinasaidia kweli, wala si kuwapotezea watoto muda wa masomo. Mwaka 2019 Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na vijana wamo humo.

Mimi hufundisha kwaya ya vijana, na ninachokiona ni hiki: kuimba pamoja kunawalazimu kuvuta pumzi kwa wakati mmoja na kumsikiliza wa pembeni. Mtoto asiyefungua mdomo darasani anashika sauti ya tatu na wenzake wanamtegemea asiyumbe. Hapo ndipo anapojiona ana nafasi yake, na kwa umri ule hilo ni jambo kubwa mno.

Ila tusichanganye mambo. Madai kwamba muziki unapandisha alama za hesabu ushahidi wake ni dhaifu. Na kijana mwenye sonona anahitaji mtaalamu. Kwaya iwe nyongeza tu. Tena mwalimu akigeuza kila zoezi kuwa mashindano na makaripio, faida nyingi zinapotea.