Kijiti cha meno na wabunge wa Marekani

Mkuu, umeuliza: kama kule Marekani walobi, yaani watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge, wanajisajili na kutangaza malipo yao, mbona watu bado wanalalamika? Tatizo liko kwenye nani anahesabiwa kuwa mlobi.

Sheria ya 1995 inamgusa yule ambaye angalau asilimia 20 ya muda anaomtumikia mteja inakwenda kwenye ushawishi. Kaa kwenye 19, jiite mshauri wa mikakati, basi jina lako halionekani popote. Tom Daschle, aliyewahi kuwaongoza Wademokrati kwenye Seneti, alipoteza kiti chake 2004, akaingia kwenye ushauri, na kujisajili akaja kujisajili 2016. Miaka yote hiyo alikuwa mshauri tu, eti.

Baada ya kashfa ya rushwa ya mlobi Jack Abramoff, aliyekiri makosa Januari 2006, walikaza kidogo. Sheria ya 2007 ikataka ripoti kila miezi 3 badala ya 6, na seneta anayeondoka asubiri miaka 2 kabla ya kurudi kuwashawishi wenzake. Zawadi na milo ya walobi, marufuku. Ila vitafunwa kwenye hafla, ruksa! Watu wakaibatiza kanuni ya kijiti cha meno: ukidokoa kipande cha nyama kwa kijiti huku umesimama, hiyo ni hafla. Ukivuta kiti na kushika uma, umevunja kanuni. Sitanii.

Ningekuwa mimi ningeanza na ile asilimia 20. Unalipwa kwenda kumwona mbunge? Jisajili.