Rafiki alitoa siri zangu, nitamsameheje?

Dada mpendwa, unasema rafiki uliyemwamini alitoa siri zako, hajaomba radhi, na kila ukifika "utusamehe deni zetu" katika Sala ya Bwana maneno yanakukwama kooni. Pole sana. Kukwama huko si unafiki. Mnafiki angepitiliza tu.

Usimwambie Mungu umesamehe huku moyo bado unachemka. Mwambie ukweli, hata kwa hasira; Zaburi ya 55 ni kilio cha mtu aliyesalitiwa na msiri wake. Kisha litaje deni lenyewe: alisema nini, kwa nani, kimekugharimu nini. Huwezi kufuta deni usilolijua.

Ila kusamehe na kumrudishia siri zako ni mambo mawili. Yusufu aliwapa ndugu zake waliomuuza nafaka mapema, lakini aliwapima kabla ya kujitambulisha kwao (Mwanzo 42–45). Paulo naye anasema "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote" (Warumi 12:18). Upande wa mwenzako haumo mikononi mwako.

Hasira itarudi, hasa ukimwona akicheka na wengine baada ya ibada. Achilia tena. Ile saba mara sabini ya kusamehe ambayo Yesu alimwambia Petro, kwa maoni yangu, inagusa pia kosa moja linalokumbukwa mara nyingi. Na wanaokuharakisha "samehe tu yaishe", waitikie kwa heshima, halafu endelea kwa mwendo wako.